646, 647 au 648: namba ipi kubwa muwape watoto kwa ajili ya Machi 14?

Jumamosi asubuhi, kwenye baraza la nyumba tunayoishi Majengo, Moshi, hukusanyika watoto kumi na wawili hivi wa klabu yetu ya hisabati, kuanzia darasa la sita hadi kidato cha tatu. Kila mwaka, kabla ya Machi 14, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, tunachagua namba moja kubwa. Tunaiandika ukutani kwa chaki, tunakaa nayo wiki sita, na siku ikifika watoto wanasimama mbele ya wazazi wao na kueleza walichokikuta ndani yake. Walimu wenzangu wa hapa na wa Arusha huniuliza wachukue namba ipi. Mwaka huu nimeona nijibu kwa kuweka tatu pamoja:

2,147,483,646
2,147,483,647
2,147,483,648

Ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na tabia zao hazifanani hata kidogo. Nitaziita kwa mkato 646, 647 na 648. Zote zina tarakimu 10, kwa hiyo zinaenea barabara kwenye kikokotoo chenye nafasi ya tarakimu 10, ingawa mimi huwaomba watoto wakiweke pembeni kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana.

Kabla sijaendelea, wapo wazazi wanaopendekeza 5,895, urefu wa Kilimanjaro kwa mita. Naelewa kabisa, mlima ukiwa wazi asubuhi huwezi kufikiria namba nyingine. Lakini 5,895 ni 3 × 3 × 5 × 131, ina vigawo 12 (namba zinazoigawa bila baki), na kazi inaisha Jumamosi moja. Tena ni kipimo, na vipimo vya GPS vimekuwa vikitoa pungufu ya hapo kwa mita chache. Namba ya kukaa nayo wiki sita isiwe ya kubadilishwa na kifaa kipya.

Turudi kwa majirani watatu. Hata kama hamjaamua, anzeni na kibubu, maana ndani ya kibubu zote tatu zinaonekana mara moja.

Mwambie mtoto afikirie kibubu ambacho Januari 1 anatia shilingi 1, Januari 2 anatia 2, Januari 3 anatia 4, na kila siku anatia mara mbili ya jana. Siku ya 10 anatia 512, bado ni hela ya maandazi. Siku ya 20 anatia 524,288, na hapo watoto wanaanza kutazamana. Siku ya 31 anatia 1,073,741,824. Mwezi ukiisha anavunja kibubu na kukuta shilingi 2,147,483,647 kamili. Hiyo ndiyo 647.

Waulize wamegundua nini njiani. Anachotia leo kinazidi kwa shilingi moja tu jumla ya vyote alivyokwisha kutia. Siku ya 4 anatia 8, na ndani mna 7. Siku ya 11 anatia 1,024, na ndani mna 1,023. Kwa hiyo kibubu kila siku kinakosa shilingi moja kufikia kipeo cha 2 kinachofuata, yaani kiasi cha kutia kesho. Mama akimwongezea hiyo shilingi moja, inakuwa 648. Mdogo wake akichomoa shilingi moja bila kuonekana, inabaki 646.

Sasa wagawane, kama ndugu wanavyogawana kihamba, shamba la ukoo: sawa kwa sawa, asipunjwe mtu, kisibaki kitu. Kibubu cha 648 kinagawika kwa watu 2, 4, 8, 16, lakini ndugu wakiwa 3 tu zinabaki shilingi 2 za kugombania. Kibubu cha 646 kinagawika kwa watu 2, 3, 6, 7, 9, 11, 14, 18, 21, 22, 31 na kuendelea. Ndugu 7 kila mmoja anaondoka na 306,783,378, ndugu 11 kila mmoja 195,225,786. Kibubu cha 647 hakigawiki. Au mtu mmoja achukue zote, au watu zaidi ya bilioni mbili wachukue shilingi moja moja. Katikati ya hapo hakuna mgawo ulio sawa.

Shilingi moja tu, ambayo siku hizi huioni sokoni, ndiyo inayoleta tofauti yote hiyo. Nimewafundisha watoto wengi, na bado sijachoka kuwatazama nyuso zao wanapofika hapa.

648 niipitie haraka. Ni 2 kipeo cha 31, yaani 2 imezidishwa kwa yenyewe mara 31. Ina vigawo 32: 1, 2, 4, 8, hadi yenyewe. Ukivijumlisha vyote isipokuwa yenyewe, unapata 2,147,483,647, jirani yake wa mkono wa kushoto. Kwa darasa la sita na la saba ni namba nzuri sana kwa sababu unaweza kuishika kwa mikono. Nunueni sado ya maharage pale Mbuyuni, pangeni vikombe 10 mstari mmoja, kimoja punje 1, cha pili 2, cha tatu 4, hadi cha kumi punje 512. Mtatumia punje 1,023, na mtoto ataona mwenyewe kwamba kikombe cha mwisho kimevizidi vingine vyote kwa punje moja. Basi. Baada ya wiki mbili utakuwa umemaliza, maana vigawo vyote ni ukoo mmoja; ukimjua mmoja umewajua wote. Kwa wiki sita haitoshi.

646 ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Kwanza, inakubali vipimo ambavyo mtoto amevisoma tayari darasani. Jumlisha tarakimu zake: 2 + 1 + 4 + 7 + 4 + 8 + 3 + 6 + 4 + 6 ni 45, kwa hiyo inagawika kwa 9. Chukua tarakimu kutoka kulia, toa, ongeza, toa, ongeza: 6 − 4 + 6 − 3 + 8 − 4 + 7 − 4 + 1 − 2 inatoa 11, kwa hiyo inagawika kwa 11. Inaishia na 6, kwa hiyo kwa 2. Mtoto wa darasa la sita amefika mbali kabla hajashika kikokotoo.

Halafu anakuja wa kidato cha pili au cha tatu na silaha yake. 646 ni 648 ukitoa 2, kwa hiyo ni 2 × (2 kipeo cha 30, toa 1). Na 2 kipeo cha 30 ni mraba wa 2 kipeo cha 15, yaani mraba wa 32,768. Mraba toa 1: hiyo ni tofauti ya miraba miwili, ile ile wanayoisoma shuleni na kuuliza itawasaidia nini. Hapa inafanya kazi mbele ya macho yao. Namba ya tarakimu 10 inapasuka ghafla:

2,147,483,646 = 2 × 32,767 × 32,769

Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha pili alichukua 32,767, na mvulana wa rika lake akachukua 32,769. Wa 32,769 alimaliza mapema: tarakimu zinajumlishika kuwa 27, akagawa kwa 9, akapata 3,641, akagawa kwa 11, akapata 331. Binti alikaa chini sakafuni na daftari mapajani. Alijaribu 3, ikagoma. Akajaribu 7. “Mwalimu, saba inaingia!” Akapata 4,681, na hapo ndipo kazi ilipoanza. 11 iligoma. 13 ikabaki 1, na alidhani amekosea akarudia. 17 ikabaki 6. 19 ikabaki 7. 23 ikabaki 12, 29 nayo ikabaki 12. Ukurasa ulijaa pande zote mbili. Nilikuwa najua jibu liko hatua moja mbele na nilijizuia kusema. Akajaribu 31, ikaingia bila baki, na chini yake ikaandikwa 151. Hakupiga kelele, alichora mstari mnene chini ya 151 kwa rula, akaja kunionyesha.

Zote pamoja:

2,147,483,646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Kutoka hapo kuna kazi ya wiki nzima ya kuhesabu vigawo bila kuviandika. Ya 2 una njia mbili, kuiweka au kuiacha. Ya 3 una njia tatu: hakuna, moja, au mbili. Zile nyingine tano, kila moja njia mbili. 2 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 192. Namba jirani ina vigawo viwili tu, hii ina 192. Mwambie mtoto aandike 30 vya kwanza na umwachie Jumapili nzima.

Tena kuna lile swali la kwa nini 31 imo humo ndani, wakati ndiyo ile ile 31 ya kipeo tulichoanzia. Si bahati. Pierre de Fermat, Mfaransa, aliiona kanuni hii mwaka 1640: kipeo kikiwa namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, 2 kipeo hicho ukitoa 2 lazima igawike kwa kipeo chenyewe. Watoto wajaribu: kipeo cha 5 kinatoa 32, toa 2, inabaki 30, inagawika kwa 5. Kipeo cha 7 kinatoa 128, toa 2, inabaki 126, ambayo ni 7 × 18. Kipeo cha 9, ambayo si tasa, kinatoa 512, toa 2, inabaki 510, na 9 inagoma. Nimeona mtoto wa darasa la saba akifika hadi kipeo cha 13 peke yake kwa sababu hakuamini.

Kasoro ya 646: haigawiki kwa 4, wala kwa 5, wala kwa 10. Watoto wadogo hupenda namba yenye sifuri mwishoni, na hii itawakatisha tamaa dakika kumi za kwanza. Wavumilieni.

Kwenye klabu tunatumia maneno ya shule ya msingi, namba tasa, kigawo, kigawe, KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika), hata na watoto wa sekondari wanaosoma kwa Kiingereza. Mdogo na mkubwa wakikaa meza moja, lazima wawe na lugha moja ya kubishania.

Sasa 647, yenye sifa kuliko zote. Ni namba tasa, nami naipenda kwa moyo wote, lakini ni vizuri mjue mnachokichukua.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya mwaka 1644 ya vipeo vya 2 vilivyopungukiwa na 1 ambavyo aliamini ni tasa. Orodha hiyo ilikuwa na makosa: vipeo vya 67 na 257 havikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 vilisahauliwa. Kwenye 31 hakukosea. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa St. Petersburg, na uthibitisho ulitoka mwaka 1772. Alikuwa na miaka zaidi ya 60 na macho yake yalikuwa karibu yameisha. Kwa takriban karne moja baada yake dunia haikuwa na namba tasa kubwa zaidi iliyothibitishwa.

Tatizo kwa mwalimu ni hili: utamwonyeshaje mtoto kwamba haigawiki? Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa 4,792 za kujaribu. Mtoto akitumia dakika mbili kwa kila moja ni kama saa 160. Hakuna klabu yenye muda huo. Ukimwambia tu “niamini, ni tasa”, umemnyima ladha yote.

Lakini ipo njia ya mkato, na ndiyo iliyomwokoa Euler. Ionyesheni kwanza kwa namba ndogo. 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2,047, nayo inadanganya, inafanana na tasa lakini ni 23 × 89. Tazama 23: ni 22 ongeza 1. Tazama 89: ni 88 ongeza 1. Zote ni kigawe cha 22, mara mbili ya 11, na moja juu. Kwa kipeo cha 31 ni vivyo hivyo: kigawo tasa chochote lazima kiwe kigawe cha 62 na moja juu. Kuna na sharti la pili: ukikigawa kwa 8, kibaki 1 au 7. Masharti yote mawili yakitumika, namba za kujaribu zinashuka hadi 373 tu, na nyingi kati yake zenyewe si tasa, unazitupa. 249 ni 3 × 83, nje. 497 ni 7 × 71, nje. Ya kwanza kuvuka chujio ni 311. Watoto wagawe: inaingia mara 6,905,092 na kubaki 35. Inayofuata ni 1,303. Hizo mbili zinatosha mkono wa mtoto. Zilizobaki aziamini kwa sababu ameona namna zinavyochujwa.

647 ina zawadi moja ambayo majirani hawana. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlishika kuwa yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Sasa 6 ni 2 × 3, 28 ni 4 × 7, 496 ni 16 × 31. Kila mara kipeo cha 2 kimezidishwa kwa namba tasa ya aina ya kibubu. Zidisha shilingi za siku ya 31 kwa jumla ya kibubu chote, unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu ya nane. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa itakayowahi kupatikana, kwa kuwa hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiyo hiyo yenye kipeo cha 136,279,841, na tarakimu zake ni 41,024,320. Watu wamejisumbua sana, na mimi nawashukuru.

Kama klabu yenu ina kompyuta hata moja, 647 inapanda daraja. Kompyuta inayotunza namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya kutoa, haiwezi kwenda juu ya 2,147,483,647. Ukiongeza 1 haipati 648. Inaruka hadi hasi 2,147,483,648. Mwaka 2014 idadi ya waliotazama video moja ya mwanamuziki wa Korea Kusini ilifika ukingo huo, na YouTube ikalazimika kupanua kihesabio chake. Na mifumo inayohesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizo hizo itajaa Januari 19, 2038, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Hapa Moshi kutakuwa kunapambazuka. Sekunde inayofuata, kompyuta ambayo haijarekebishwa itadhani ni Desemba 1901. Watoto wa darasa la sita huuliza watakuwa na umri gani siku hiyo, na hilo peke yake linawakalisha chini.

Tena hata kwenye kompyuta 646 haiko mbali. Anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 647, chukua baki, rudia. Unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, namba zinazoonekana kama za kubahatisha, na hutarudi kwenye 1 mpaka umepita hatua 2,147,483,646 kamili. Programu nyingi zimetumia njia hii kuchezesha bahati.

Basi, uchaguzi. Klabu ya shule ya msingi yenye majuma mawili au matatu: 648, maharage na kibubu. Klabu yenye kidato cha tano na sita, au yenye mwalimu wa kompyuta: 647, na msiruke hatua ya 2,047, maana bila hiyo watoto watabaki na historia tu. Klabu iliyochanganyika kama yetu, mkubwa na mdogo, wiki sita, daftari na penseli: chukueni 646. Ndiyo namba pekee kati ya hizi tatu ambayo kila mtoto, wa darasa la sita mwenye jumla ya tarakimu na wa kidato cha tatu mwenye miraba miwili, anaweza kuivunja kipande kwa mkono wake mwenyewe na kuondoka nacho nyumbani.

Na wiki ya sita, mkishamaliza vigawo vyote 192, waambieni waongeze shilingi moja, wajaribu tena kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 31, kwa 151, kwa 331. Kila mara itabaki 1. Waacheni wagundue wenyewe ni kwa nini.